Vita, Midoli na Kijana Amuro

Ndugu msomaji, najua wapo watakaoziruka kurasa hizi mara tu waonapo neno katuni. Hata kijiweni kwetu Tandika, nilipotamka kwamba naandika makala juu ya katuni ya maroboti, mshikaji mmoja aliweka chini kikombe chake cha kahawa akanitazama kama mtu aliyepandisha mashetani. "We si ulisema unataka kuwa mwandishi?" Nikasema ndiyo. "Basi andika mambo ya watu, bwana." Siku ile sikuwa na la kumjibu. Jibu limenichukua miezi minne na madaftari mawili, nalo ndilo hili.

Katuni yenyewe inaitwa Mobile Suit Gundam. Ilianza kuonyeshwa Japani Jumamosi tarehe 7 Aprili 1979 na kituo cha televisheni cha Nagoya, ikakatika tarehe 26 Januari 1980 ikiwa imefika sehemu ya 43. Nasema ikakatika, sisemi ikaisha, na sababu nitaieleza. Mimi wakati huo sijazaliwa. Mama yangu mwenyewe alikuwa bado anabebwa mgongoni. Niliipata kwa kijana mmoja anayechoma muvi karibu na stendi ya daladala. Nilikwenda na flashi yangu kutaka muvi za ngumi, zilipoingia zote ikabaki nafasi, naye akasema, "Ngoja nikujazie na hii, wengi hawaitaki." Picha zimechakaa, rangi zimefifia, na maneno ya Kiingereza yanapita chini ya kioo mbiombio. Kiingereza changu cha kidato cha nne kilitoka jasho. Usiku wa kwanza nilitazama sehemu tano mfululizo, na kesho yake nikachelewa kibaruani.

Ili uone kilichonishika, hebu turudi nyuma kidogo. Wajapani walianza kuyapenda maroboti makubwa zamani. Mwaka 1956 mchoraji Mitsuteru Yokoyama alianza kuchora hadithi ya Tetsujin 28, yaani mtu wa chuma nambari 28, roboti lililobuniwa na jeshi la Japani wakati wa vita kuu likaja kuangukia mikononi mwa mtoto. Halina akili yake lenyewe. Mwenye rimoti ndiye mwenye roboti: akiishika mwema linatenda mema, akiiiba jambazi linavunja benki. Kisha mwaka 1972 Go Nagai akaleta Mazinger Z, na humo kijana shujaa hashiki tena rimoti, anaingia kichwani mwa roboti na kuliendesha kama dereva wa lori. Hapo ndipo biashara ilipochanganya. Kampuni za midoli ziligundua kwamba mtoto akimwona shujaa akiendesha roboti jioni, asubuhi atamlilia mama yake amnunulie. Na roboti likiwa la vipande vitano vinavyoungana, basi kuna midoli mitano ya kuuza badala ya mmoja. Tangu hapo, mwenye kulipia katuni za maroboti akawa ni muuza midoli. Kazi hizo zilivuka bahari: Grendizer ya mwaka 1975 iliwashika watoto wa nchi za Kiarabu na wa Ufaransa pia, mpaka leo watu wazima wa huko wakisikia wimbo wake wanalainika.

Sasa, mtu aliyeitengeneza Gundam anaitwa Yoshiyuki Tomino. Alizaliwa mwaka 1941 katika mji wa Odawara. Mji huo ulipigwa mabomu usiku wa mwisho kabisa wa vita, usiku wa kuamkia tarehe 15 Agosti 1945, saa chache kabla Mfalme wa Japani hajatangaza redioni kwamba wamesalimu amri. Fikiria, msomaji: watu walioungua usiku ule waliungua kwa vita ambayo ilikuwa imekwisha. Sitaki kujifanya mganga nikasema eti hilo ndilo lililomfanya aandike alivyoandika. Ila najua kwamba mwaka 1964 aliingia studio ya Osamu Tezuka, mzee wa katuni za Kijapani, akafanya kazi za kijungujiko miaka mingi, na kwamba mwaka 1977, alipopewa kutengeneza katuni ya kuuzia midoli iitwayo Zambot 3, aliwafanya wananchi wawachukie mashujaa wao. Kwa nini? Kwa sababu kila roboti la wema lilipopigana na la wabaya, nyumba zilizobomoka zilikuwa za wananchi. Mimi nilipolisoma hilo nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Katika muvi zote nilizowahi kutazama, sijawahi kumwona mtu akiuliza ni nani atakayezijenga upya zile nyumba.

Miaka miwili baadaye ikaja Gundam.

Hadithi ni hii. Binadamu wamejaa duniani, wakaanza kuhamishiwa angani, kwenye mapipa makubwa ajabu yanayozunguka, ndani yake mna miji, mito na mashamba. Mapipa hayo hayakutoka hewani. Mwanafizikia wa Marekani, Gerard O'Neill, alikuwa akiyapigia hesabu kwenye miaka hiyohiyo ya sabini. Yanaitwa makoloni. Katika mwaka wa 0079 wa kalenda ya huko angani, makoloni yaliyo mbali kuliko yote, yanayojiita Zeon, yanatangaza uhuru na kuanza vita na Shirikisho la Dunia. Kwa mwezi mmoja na ushee, nusu ya binadamu wote wamekufa. Sentensi hiyo inasomwa na msimulizi mwanzoni mwa kila sehemu, kwa sauti kavu kama ya mtu anayesoma taarifa ya habari saa mbili usiku. Kisha wanaanza watoto.

Amuro Ray ana miaka 15. Tunapomkuta kwa mara ya kwanza king'ora cha hatari kinalia nje, yeye yumo chumbani na chupi yake, anachokonoa mashine, mpaka jirani yake Fraw Bow, binti wa rika lake, aje kumkokota. Ndiye shujaa huyo! Askari wa Zeon wanalivamia koloni lao, watu wanakufa, Fraw Bow anapoteza mama na babu kwa mlipuko mmoja, na Amuro anajitosa ndani ya roboti jeupe ambalo baba yake ni mmoja wa waliolitengeneza. Analiendesha huku akisoma kitabu cha maelekezo. Analitandika roboti la adui, linalipuka, na mlipuko unatoboa ukuta wa koloni. Kupitia tundu lile, hewa inamfyonza baba yake na kumtupa angani.

Yaani ushindi wake wa kwanza ndio uliomtupa baba yake! Na mtunzi halikuzi jambo hilo. Amuro hata hajui. Baada ya sehemu zaidi ya 30 anakutana na baba yule mtaani katika koloni jingine. Yu hai, lakini ubongo wake umeharibika kwa kukosa hewa. Mzee anamkabidhi kifaa fulani, anamwambia kakifunge kwenye Gundam, kitaongeza nguvu. Kifaa chenyewe cha zamani, hakifai kitu. Amuro anakichukua kwa heshima, akitoka nje anakibamiza chini. Ndugu msomaji, mimi nimesoma riwaya nzima nzima ambazo hazina kitu kama kifaa kile.

Halafu kuna mambo madogo. Meli yao inaitwa White Base, na mabaharia wake ni wakimbizi na kuruta. Nahodha, Bright, ana miaka 19 tu. Kuna sehemu nzima ambayo shida kubwa ya meli ni chumvi. Mpishi anakuja kumwambia nahodha kwamba chumvi imekwisha, na watu wasipokula chumvi hawatapigana. Meli kubwa ya kivita inageuza njia kutafuta chumvi! Kuna sehemu nyingine ambayo askari wa adui wakiwa kwenye doria wanamwona mama na mwanawe mdogo nyikani, na mmoja wao anarudi kuwadondoshea mzigo wa chakula. Kuna sehemu Amuro anakataa kwenda vitani, amechoka, Bright anamtia kofi mbili, naye analalamika kwamba hata baba yake hajawahi kumpiga. Nilipokuwa mdogo mashujaa wa muvi zetu walikuwa hawachoki.

Lakini anayenikaa moyoni kuliko wote ni Miharu. Huyu ni msichana wa Belfast, hana wazazi, ana wadogo zake wawili wa kulisha. Anawapelelezea Zeon ili apate hela. Hana siasa yoyote. Hela ikiingia anawaza unga. Anajipenyeza ndani ya White Base kwa kumtumia kijana mmoja mcheshi, Kai, ambaye alishagundua shida zake na kumwonea huruma. Kisha anaona kwa macho yake jinsi taarifa alizouza zinavyowatia hatarini watoto wengine, mle melini, walio kama wadogo zake. Anaomba naye apigane. Anafyatua kombora kwa mkono baada ya mtambo kukwama, na moshi wa kombora lenyewe unamsukuma nje ya ndege, baharini. Kai anageuka, hamwoni. Wale wadogo zake wamebaki Belfast, na mtunzi hatuonyeshi wakipewa habari. Roboti katika kisa hicho ni kitu cha pembeni kabisa.

Hapo ndipo uzuri wa Gundam ulipo kwa maoni yangu. Roboti si shujaa. Ni chombo. Linaishiwa risasi, linavunjika, linahitaji fundi na vipuri. Hata sababu ya maroboti kuwapo imetafutwa: kuna chembechembe ziitwazo Minovsky zinazovuruga rada, kwa hiyo makombora ya kulenga kutoka mbali hayana kazi, inabidi watu wakaribiane na kupigana ana kwa ana. Ujanja mtupu, najua! Mtunzi alitaka maroboti yapigane mieleka akatafuta fizikia ya kumruhusu. Lakini ni ujanja wa mtunzi anayemheshimu mtazamaji wake.

Adui naye ana jina na ana mke. Ramba Ral, kamanda wa Zeon, anakutana na Amuro katika mgahawa wa jangwani, na mwanamke wake anataka kumnunulia kijana yule chakula. Siku chache baadaye wanatafutana kuuana. Ila kwa sisi tuliozaliwa katika nchi zilizokuwa makoloni, hapo pana mtego. Zeon walianza na madai ya haki. Mwasisi wao, Deikun, alidai kwamba watu wa angani wajitawale. Alipokufa, swahiba wake Degwin Zabi akashika usukani, akajifanya mfalme, na hadithi inatuambia kwamba kifo kile kilikuwa na mkono wa mtu. Jina la mwasisi likabaki kwenye bendera, ukoo mwingine ukala nchi. Hakuna aliyenifundisha jambo hilo darasani kwa ufupi namna ile. Katika mazishi ya mdogo wake, Gihren, mtoto mkubwa wa Degwin, anahutubia umati kwa ngumi angani, na karibu na mwisho baba yake mwenyewe anamfananisha na Hitler. Usije ukadhani Shirikisho ndilo jema, la hasha: viongozi wake wamejichimbia ardhini huko Amerika ya Kusini, na ile meli ya watoto wanaitumia kama chambo.

Basi nimesifu vya kutosha. Sasa kasoro, maana washkaji zangu watasema nimelogwa.

Kwanza, midoli. Aliyelipia ilikuwa kampuni iitwayo Clover, na Clover haikutaka hadithi ya wakimbizi, ilitaka mauzo. Utaziona alama za vidole vyake kila mahali. Roboti la jeshi lina rangi nyeupe, nyekundu, buluu na njano kama bango la soda. Linagawanyika vipande vitatu vya kuungana. Katikati ya hadithi inazuka ndege ya ajabu, G-Fighter, inayopasuliwa na kuvishwa roboti kila namna; haina maana yoyote vitani, ila ina maana kubwa dukani. Tomino alipozihariri zile sehemu kuwa filamu baadaye, ndege ile aliifuta kabisa. Na kuna ugonjwa wa adui wa kila wiki: Zeon, jeshi lililobanwa, linaleta mashine mpya Jumamosi hii, inakufa, Jumamosi ijayo mpya nyingine. Hakuna jeshi duniani linalopigana hivyo.

Pili, michoro. Mchoraji mkuu wa sura za watu, Yoshikazu Yasuhiko, aliugua akalazwa kabla kazi haijaisha, na mtazamaji anaona. Nyuso zinapinda, macho yanahama. Sehemu ya 15, ya askari mtoro anayelea yatima katika kisiwa, ina hadithi nzuri mno na michoro mibovu mno, hata Tomino akataka isitolewe katika toleo la Kiingereza. Yasuhiko aliirudia mwenyewe mwaka 2022, akaitengenezea filamu nzima. Mzee wa miaka 74 anarudi kusahihisha kazi ya ujanani! Hilo peke yake lingetosha kwa makala nyingine.

Tatu, Lalah. Hapa ndipo ninapogombana na katuni hii hasa. Karibu na mwisho Tomino analeta wazo la watu wapya, binadamu ambao kwa kuishi angani wameanza kuelewana moyo kwa moyo bila maneno. Wazo tamu, ila halijaiva. Mara ni amani, mara ni uwezo wa kulenga shabaha. Mbebaji wa wazo hilo ni Lalah Sune, binti mweusi kidogo mwenye alama kipajini kama mabinti wa Kihindi. Anajua kila kitu, anasema kwa mafumbo, anapendwa na vijana wawili walio maadui, anajitupa katikati yao na kufa. Baada ya hapo vijana wale wanamlilia miaka na miaka. Yeye alitaka nini maishani? Alipenda kula nini? Miharu wa Belfast tunajua kikapu chake, nyumba yake, madeni yake. Lalah tumepewa macho na kifo. Mabinti weusi katika hadithi za wengine mara nyingi wanapewa kazi hiyo: kuwa hekima ya mtu mwingine, halafu kufa.

Katuni haikupata watazamaji wa kutosha, midoli haikuenda kama ilivyotakiwa, na zile sehemu 52 zilizopangwa zikapunguzwa kuwa 43. Ndiyo maana mwisho unakimbia kama daladala la mwisho usiku. Hata hivyo mwisho wenyewe ni mzuri: Gundam imekatika kichwa na mkono, Amuro analiacha gofu lake linaungua, na anaelea kuelekea kijimashua walichomo wenzake. Vita inakwisha kwa tangazo la msimulizi.

Na hapo, msomaji, ndipo historia ilipofanya kichekesho chake. Kilichoifufua Gundam kilikuwa nini? Midoli! Julai 1980 kampuni ya Bandai ilitoa vipande vya plastiki vya kuunganisha mwenyewe, Gundam ndogo ya yeni 300, na wanafunzi wa sekondari wakavamia. Tarehe 22 Februari 1981 maelfu ya vijana walifurika Shinjuku, Tokyo, katika mkutano wa kuitangaza filamu ya kwanza, na Tomino akapanda jukwaani kutangaza kwamba zama mpya za katuni zimeanza. Filamu tatu zikafuatana, 1981 na 1982. Januari 1982 watoto waliokuwa wakigombania vipande vile katika duka moja la mkoa wa Chiba waliangukiana kwenye ngazi za umeme wakaumia. Clover yenyewe ilifilisika mwaka 1983. Faida ilikwenda kwa wengine. Mwaka 2009 wakasimamisha Gundam ya mita 18, kimo chake kamili, kwenye bustani ya Odaiba, Tokyo, watu wakaja na watoto wao kupigia picha.

Hadithi iliyosema silaha si kitu cha kuabudu iliokolewa na watu walionunua silaha hiyo kwa umbo dogo na kuipanga kabatini. Na vinavyopendwa sana ni vya Zeon, maana wale mafashisti ndio waliopewa sare za kupendeza na kamanda mwenye barakoa, Char, anayeendesha roboti jekundu. Siwacheki wanunuzi hao. Jalada la daftari langu la kwanza lina Char niliyemchora mwenyewe, na nimemchora vizuri.

Nilidhani nimemaliza, mpaka nikapata mfululizo uliofuata, Zeta Gundam wa mwaka 1985. Humo, sehemu ya 35 na ya 36, jeshi la kikatili liitwalo Titans lina ngome yake kuu juu ya Kilimanjaro. Nilisimamisha picha. Kilimanjaro! Mlima ambao kila siku tunauona kwenye chupa ya bia. Maroboti yanapigana kwenye theluji, na msichana aitwaye Four, yatima aliyegeuzwa silaha na maabara, anakufa pale akimkinga kijana anayempenda. Kile kifo kinaliza. Lakini nilizirudia sehemu zile mara tatu nikitafuta mgomba. Nilitafuta mama mmoja na mzigo wake wa majani ya ng'ombe, mtoto mmoja anayekimbia mlio wa mabomu kuelekea Marangu. Sikumwona. Mtunzi aliyeuliza nyumba zilizobomoka ni za nani, alipofika kwetu aliona theluji tu. Nilikasirika siku mbili.

Siku ya tatu nikaifungua riwaya yangu.

Sikuwa nimewaambia hili. Nina mswada, kurasa 90 za mkono, juu ya vita vya Kagera. Babu yangu mzaa mama alipigana vita ile. Tarehe ileile Gundam ilipoanza kuonyeshwa, 7 Aprili 1979, majeshi yetu yaliingia Entebbe, na siku nne baadaye Kampala ikaanguka. Babu alikuwamo katika msafara ule. Mswada wangu una vifaru, una ile mizinga ya roketi iliyoitwa saba saba, una kapteni mmoja mwenye miwani myeusi ambaye, nikisema kweli, ni Char bila barakoa. Sikuwa nimemwonyesha babu hata ukurasa mmoja. Nilienda kwake Mbagala Jumapili ile.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Umekuja na nini leo, gazeti?"

Nikamsomea sura ya pili, wanajeshi wanapovuka mto Kagera kwenda ng'ambo. Aliisikiliza yote, mikono magotini. Nilipomaliza akakaa kimya, nikadhani imemgusa.

"Hawa askari wako," akasema, "hawana miguu?"

Sikuelewa. Akavua kandambili akanionyesha kucha mbili ambazo hazikuota tena vizuri tangu mwaka ule. Akaniambia wao walitembea. Walitembea mpaka wakawa wanalala huku wanatembea, na kitu ambacho mtu aliwaza mchana kutwa hakikuwa Amini wala uhuru, ni soksi. Kisha akaniambia juu ya mama mmoja waliyempita kando ya barabara upande wa Uganda, amekaa na sufuria tupu, anawatazama kila mmoja usoni kama anayetafuta mtu. Hakusema zaidi, wala mimi sikuthubutu kumwuliza. Akaitia kandambili mguuni, akaita niletewe chai.

Njiani kurudi, ndani ya daladala, nilizipitia kurasa zangu 90. Mto Kagera nimeueleza vizuri, maji yake na rangi yake. Ng'ambo zote mbili hakuna mtu anayeishi. Yaani kosa lilelile la Kilimanjaro nimelifanya mimi, mtoto wa hapahapa, mjukuu wa aliyekuwako.

Sura ya pili nimeichana juzi, na yule mama wa sufuria sasa ana kurasa nne, ingawa bado sijui anamtafuta nani. Sura ya tatu sijaigusa. Ina kifaru kizuri mno.